Diwani na usimamizi wa halmashauri: jinsi ya kuhoji mpaka upate jibu

Baraza la Madiwani hukaa kikao cha kawaida mara moja kila robo mwaka. Ukitoa dua, salamu za wageni na taarifa za kata, muda unaobaki wa kuhoji ni saa chache, nao unagawanywa kwa madiwani wote. Diwani anayeingia ukumbini akitegemea ufasaha wake wa kusema ameshachelewa. Halmashauri inasimamiwa wiki mbili kabla ya kikao, kwenye makaratasi na kwenye eneo la mradi, halafu inasimamiwa tena miezi mitatu inayofuata, kwa kufuatilia kilichoamuliwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya diwani wa Tanzania Bara, hasa aliyeingia kwa mara ya kwanza, pamoja na mwananchi anayetaka kumpa diwani wake kitu cha kushika badala ya kumlalamikia tu.

Kwanza, jua unamsimamia nani na kwa mamlaka gani

Diwani peke yake hana mamlaka ya kumwamuru mtumishi yeyote. Mwenye mamlaka ni Baraza, likikaa kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 au ya Mamlaka za Miji Na. 8, zote za mwaka 1982, pamoja na kanuni za kudumu za halmashauri yenyewe. Kanuni hizo ziombe siku ya kwanza. Ndizo zinazosema kabrasha, yaani kitabu cha taarifa na ajenda za kikao, lifike kwako siku ngapi kabla ya kikao, swali la maandishi lipelekwe lini, na hoja binafsi inaletwaje. Diwani anayezijua kanuni hanyamazishwi kirahisi na neno "muda hautoshi".

Mkurugenzi Mtendaji ni Katibu wa Baraza na pia Afisa Masuuli, maana yake ndiye anayejibu kwa kila shilingi. Huteuliwa na Rais, kwa hiyo Baraza halimwajiri wala halimfukuzi, lakini haliwezi kunyimwa maelezo yake. Zabuni huamuliwa na bodi ya zabuni, ambayo diwani si mjumbe wake na hatakiwi kuigusa. Utakachohoji wewe ni matokeo: nani kapewa, kwa bei gani, mkataba unaisha lini, kazi imefikia wapi.

Kuna huduma ambazo wananchi wanadhani ni za halmashauri na sasa hazipo chini yake moja kwa moja. Barabara za wilaya zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, na maji vijijini yakahamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Mameneja wao huja kwenye Baraza kutoa taarifa, na hapo ndipo pa kuwahoji. Usimbane Mkurugenzi kwa kalavati ambalo fedha yake haipiti mikononi mwake. Utapoteza dakika zako, na yeye atapumzika.

Pata kabrasha mapema, ulisome kwa kalamu

Kabrasha likiletwa asubuhi ya kikao, hilo lenyewe ni suala la kuhoji. Kurasa mia mbili hazisomeki wakati wa chai. Simama mwanzoni kabisa, kabla ajenda hazijathibitishwa, taja kanuni inayohusika na uombe suala hilo liandikwe kwenye muhtasari. Likitokea mara ya pili, madiwani wenye msimamo mmoja wana haki ya kuomba ajenda husika iahirishwe.

Ukilipata, anza na *yatokanayo* na kikao kilichopita. Wengi huruka sehemu hii kwa kuwa inaonekana kama marudio, kumbe ndiko ahadi zinakozikwa. Weka kabrasha la robo iliyopita pembeni, usome mistari miwili miwili. Azimio lililosema "Mweka Hazina awasilishe orodha ya wadaiwa wa vibanda" likijibiwa "utekelezaji unaendelea" kwa robo ya tatu mfululizo, hapo hujaambiwa kitu, nalo linaingia kwenye orodha yako ya maswali.

Halafu nenda ofisini ukiwa na maswali madogo. Jambo ambalo mweka hazina au mganga mkuu wa wilaya anaweza kukueleza kwa dakika tano mezani kwake halina sababu ya kula muda wa Baraza. Wataalamu wengi ni watu waungwana na watakueleza vizuri ukiwafuata kwa heshima. Kinachobaki bila maelezo baada ya mazungumzo hayo ndicho cha kupeleka ukumbini.

Mapato: usidanganywe na asilimia

Hapa nitakaa kidogo, maana madiwani wengi huhoji matumizi na kuyaacha mapato yapite, wakati fedha ikiyeyuka kwenye ukusanyaji haifiki hata kwenye hatua ya kuhojiwa.

Taarifa ya mapato ya ndani huwa na safu tatu za msingi: makisio, makusanyo halisi na asilimia. Macho ya wengi hukimbilia asilimia. Tuchukue mfano wa soko lenye vizimba 120, kila kimoja kikilipa shilingi 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, sawa na 5,400,000 kwa robo mwaka. Kabrasha linaonyesha makisio ya robo ni 3,000,000 na makusanyo ni 2,700,000, yaani asilimia 90. Ukumbi unapiga makofi. Ukweli ni kwamba nusu ya fedha ya soko lile haijaonekana, ila makisio yaliwekwa chini kiasi cha kuficha pengo.

Kwa hiyo nenda sokoni mwenyewe. Hesabu vizimba vyenye watu, waulize wafanyabiashara watatu au wanne wanalipa kiasi gani na waone risiti zao, kisha fanya hesabu yako. Wakati mzuri zaidi wa kuitumia hesabu hiyo ni kikao cha bajeti, mwanzoni mwa mwaka, makisio yanapopangwa. Ukisubiri taarifa ya utekelezaji, utakuwa unabishana na namba uliyoipitisha wewe mwenyewe.

Jambo la pili ni mashine za POS, zile za mkononi za kukusanyia mapato na kutoa risiti. Omba orodha inayoonyesha mashine zote za halmashauri, kila moja ipo kwa nani, zipi hazikuwa hewani na kwa siku ngapi, na kila mkusanyaji anadaiwa kiasi gani. Mfumo unatoa taarifa hii, kwa hiyo jibu la "tutaiandaa" lisikubalike bila tarehe. Fedha iliyokusanywa isipelekwe benki ni hoja ambayo CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ameiandika mwaka baada ya mwaka kwa halmashauri nyingi. Dalili yake ya kwanza huwa ni mkusanyaji ambaye deni lake linakua na bado yuko kazini na mashine mkononi. Iulizie pia *fedha mbichi*, yaani makusanyo yanayotumiwa kabla ya kufika benki. Hata kama imenunua mafuta ya gari la wagonjwa, matumizi hayo yamekwepa udhibiti wote ambao Baraza liliuweka.

Mzabuni anayekusanya kwa niaba ya halmashauri, kwenye stendi au mnadani, naye uliza mkataba wake unataka awasilishe kiasi gani kila mwezi na amewasilisha kiasi gani. Namba mbili tu zinatosha.

Mradi: nenda kabla ya msafara

Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hufanya ziara ya miradi kila robo. Ni jambo zuri, lakini msafara wa magari unajulikana siku tatu kabla. Eneo hufagiliwa, mafundi huongezwa, na mwalimu mkuu huandaa risala. Nenda siku moja mapema, kwa bodaboda, bila kumwita mtu.

Tuseme ni darasa. Mwaka 2021 Tanzania ilipokea mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, na madarasa yakajengwa nchi nzima kwa kiwango cha shilingi milioni 20 kila moja. Tangu hapo wananchi wameizoea namba ile na wanaitumia kupimia miradi mingine. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila usikitumie kwa upofu: bei ya saruji ya Kigoma vijijini siyo ya Mbagala, na kiwango cha leo kipo kwenye maelekezo ya fedha ya mradi husika. Waombe wakuonyeshe barua ya fedha pamoja na BOQ, lile jedwali la vifaa, vipimo na gharama.

Ukiwa na BOQ mkononi, fanya mambo haya kwa utulivu. Fungua leja ya stoo uangalie mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotoka, kisha uhesabu iliyopo. Linganisha na hati za kupokelea mizigo na risiti za EFD, zile za mashine za kodi. Tazama nondo zilizofungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla zege halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeziona tena mpaka ufa utokee. Chukua tofali moja, liangushe kutoka usawa wa kiuno: likisambaratika kama biskuti, muulize fundi mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali mangapi. Fundi atakuambia ukweli mara nyingi, maana si yeye aliyeamua.

Kwa miradi inayojengwa na mafundi wa kawaida bila mkandarasi, huwa kuna kamati za wananchi za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Watafute wajumbe wa kamati ya mapokezi, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Swali ni moja tu: "Mzigo huu ulisaini ukiwa umeuona ukishushwa, au ulipelekewa karatasi?" Nimeona jibu la swali hili likifungua mambo ambayo kabrasha lenye michoro na picha za rangi halikuyagusa kabisa. Mjumbe aliyesaini bila kuona usimwaibishe hadharani. Mara nyingi ni mzee wa kijiji aliyeamini alichoambiwa na mtu mwenye cheo, na ukimwumiza hakuna mwingine atakayezungumza nawe.

Andika tarehe, saa, na ulichokiona. Piga picha. Kila utakachokisema ukumbini kitoke kwenye daftari hilo.

Zahanati, shule na mikopo ya vikundi

Kwenye zahanati, usianze na mganga. Kaa kwenye benchi na wagonjwa, uwaulize wameandikiwa dawa gani na wangapi wametumwa kwenda kununua duka la dawa. Baadaye omba kuona kadi za stoo za dawa zilezile walizozitaja. Kadi ikionyesha dawa ipo na mgonjwa katumwa dukani, una jambo la kuhoji. Kadi ikionyesha imekwisha tangu mwezi uliopita, swali linahamia kwa mganga mkuu na kwenye oda iliyopelekwa MSD, yaani Bohari ya Dawa: iliombwa lini, ikaletwa lini, deni la kituo ni kiasi gani. Kamati ya usimamizi wa kituo nayo iulize ilikaa lini mara ya mwisho. Utashangaa ni mara ngapi wajumbe wake hawajui akaunti ya kituo ina salio gani.

Shuleni, fedha za elimu bila ada hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, ingawa si yote inayoingia kwenye akaunti ya shule. Angalia kama kiasi kilichopokelewa kimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kama idadi ya wanafunzi iliyotumika ndiyo iliyopo darasani.

Mikopo ya asilimia 10 inahitaji ukali wa pekee. Sheria inataka sehemu hiyo ya mapato ya ndani, ukiondoa vyanzo lindwa (mapato yaliyokwisha kutengewa matumizi maalum), iende kwa vikundi vya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Serikali ilisimamisha utoaji wake mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, kisha ukarudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Omba orodha ya vikundi vya kata yako, uvitembelee. Kikundi cha ufugaji kuku lazima kiwe na kuku, au kiwe na maelezo ya kuku walikwenda wapi. Kama wewe, mwenzi wako au ndugu yako ana maslahi kwenye kikundi, tangaza maslahi hayo na utoke ukumbini suala likijadiliwa. Diwani mwenye mkopo usiorejeshwa hana mdomo wa kuwahoji wengine, na wataalamu wanalijua hilo kuliko wewe.

Ukumbini: uliza swali lenye jibu

Swali la "kwa nini miradi inachelewa?" huzaa hotuba. Swali linalozaa jibu linafanana na hili: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa 46 unasema ujenzi wa maabara umefikia asilimia 80. Tarehe 12 nilifika pale, jengo lipo kwenye lenta. Naomba Mhandisi aeleze asilimia hiyo imepimwaje, na malipo yaliyokwishafanyika ni kiasi gani." Lina ukurasa, tarehe, ulichokiona, na anayetakiwa kujibu. Hata mwandishi wa habari aliyekaa nyuma ataliandika lilivyo.

Ukijibiwa "Mheshimiwa, suala hilo linafanyiwa kazi", usikae. Uliza swali la nyongeza: nani anafanya hiyo kazi, itakamilika tarehe ngapi, taarifa italetwa kamati ipi. Sauti yako ibaki chini. Diwani anayefoka humpa mtaalamu nafasi ya kuonekana ameonewa, na Mwenyekiti anapata sababu ya kufunga mjadala.

Zungumza na wenzako kabla. Kuna madiwani wa viti maalum waliobobea kwenye mambo ya afya au ushirika, na mara nyingi hawapewi nafasi ya kwanza kusema. Mgawane maswali: mmoja ashike mapato, mwingine mradi, mwingine yatokanayo. Tofauti za vyama zisiwazuie, kwa sababu dawa zikiisha zimeisha kwa kata zote. Jambo likigusa mtumishi mmoja kwa jina, msilijadili hadharani. Ombeni Baraza likae kama kamati, yaani kikao cha faragha, mtumishi asikilizwe, uamuzi ufuate taratibu za nidhamu. Uamuzi wa hasira hubatilishwa kwenye rufaa, na mwizi anarudi na malimbikizo ya mshahara.

Kabla hamjaondoka kwenye ajenda, dai azimio. Azimio kamili linataja jambo, mhusika kwa cheo chake, na tarehe ya mwisho. Mwombe Katibu alisome lilivyoandikwa. Mkiridhika na "Baraza limeagiza suala lifuatiliwe", mmeagiza hewa.

Ripoti ya CAG na ile furaha ya hati safi

CAG hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni. Baadaye Baraza hukaa kikao maalum kujadili hoja za halmashauri yenu. Ni kikao kikubwa kuliko vyote vya mwaka, na mara nyingi huanza kwa pongezi za kupata hati inayoridhisha, ndiyo hiyo hati safi.

Pongezi hizo zipime. Hati inayoridhisha inasema kwamba hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa inavyotakiwa kwa viwango vya uhasibu. Haisemi kwamba fedha ilitumika vizuri, wala kwamba hakuna iliyopotea. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na hoja sitini ndani yake. Ruka hati, fungua jedwali la hoja. Tafuta kwanza hoja za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa, kisha zile zinazojirudia kila mwaka kwa idara ileile, kisha zenye kiasi cha fedha. Kwenye safu ya majibu ya menejimenti, neno "vielelezo vimeandaliwa" liulizie hapo hapo: vielelezo viko wapi, na mkaguzi ameviona? Hoja hufungwa na mkaguzi, haifungwi na aliyehojiwa.

Msisubiri CAG kwa mambo ya mwaka huu. Mkaguzi wa ndani anaandika taarifa kila robo. Iulizieni kwenye Kamati ya Fedha, mkiona haiji, mwandikieni Mkurugenzi kwa barua.

Rudi kata na majibu

Ndani ya wiki mbili baada ya Baraza, itisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake na Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Wasomee wenyeviti wa vijiji au mitaa maazimio yanayowahusu, na tarehe zake. Kila mmoja aondoke na jambo la kutazama: huyu mifuko ya saruji, yule ubao wa matangazo wa shule, mwingine kisima na taarifa ya chombo cha watumia maji. Wao wako pale kila siku, wewe hupo. Wakumbushe wananchi pia kwamba vikao vya Baraza viko wazi kwao kuja kusikiliza, na wachache wakija, majibu ya ukumbini hubadilika.

Tarehe ya azimio ikipita bila kitu, mwandikie Mkurugenzi barua fupi ukitaja namba ya azimio, nakala kwa Mwenyekiti wa Halmashauri. Robo ikiisha kimya, nakala inayofuata iende kwa Mkuu wa Wilaya na Katibu Tawala wa Mkoa. Ukiwa na ushahidi wa rushwa au malipo hewa, kama vile saini zilizoghushiwa au mzigo uliolipiwa na haukufika, hilo usilijadili kwenye kikao, maana utawapa wahusika muda wa kusafisha mafaili. Lipeleke TAKUKURU wilayani siku hiyo hiyo, kwa maandishi, ukibaki na nakala ya kila karatasi uliyoikabidhi.